Pinboli ya rilei ya 1972: mota ya alama haizimi, na fyuzi ya koili inakatika

Gololi_Chuma

Wakuu, naombeni macho yenu hapa.

Nina pinboli (mashine ya kuchezea gololi ya chuma) ya wachezaji wawili ya mwaka 1972. Haina bodi wala chipu hata moja. Ni rilei (swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme), koili (waya uliozungushwa, unaovuta chuma umeme ukipita), mota ya alama (inayofunga na kufungua swichi za kuhesabu pointi), na nyaya za kitambaa zilizofifia mpaka nyekundu na ya chungwa hazitofautiki. Mchoro wa saketi ninao. Nilikuta umekunjwa chini ya sanduku, umechanika kwenye mikunjo ila unasomeka.

Tatizo la kwanza. Nikiwasha, taa zote zinawaka. Nikibonyeza kitufe cha kuanza, rilei zinadata, mota ya alama inazunguka, na magurudumu ya namba kule kichwani yanaanza kurudi sifuri. Yote yanafika isipokuwa moja, la mamia la mchezaji wa pili. Limesimama kwenye 7, halitikisiki. Mota nayo haizimi. Inazunguka tak-tak-tak mpaka nizime mashine. Nikilisukuma gurudumu lile kwa kidole hadi 0, mota inasimama papo hapo, gololi inatolewa na mchezo unaanza.

Tatizo la pili. Gololi ikiingia kwenye lile shimo la kushoto linalotakiwa kuitema, mara nyingine inatemwa vizuri, ingawa inatoka mapema, pointi bado zinahesabiwa. Mara nyingine koili inavuta na kubaki imevuta, inavuma, kisha fyuzi inakatika. Fyuzi hiyo niliikuta imezungushiwa karatasi ya fedha na aliyekuwa na mashine kabla yangu. Nimeitupa, nimeweka ya ampea 10 ya kukatika taratibu kama lebo inavyosema, na ndipo shida ilipoanza kujionyesha.

Nimepima transfoma: volti 6 na ushee upande wa taa, 27 upande wa koili, zote AC. Halafu nikaweka mita kwenye mlio (inalia ikikuta umeme una njia ya kupita) nikaanza kufuata nyaya. Inalia kila mahali! Hata kati ya nyaya ambazo kwenye mchoro hazikutani kabisa. Naanza kuamini kuna shoti kubwa mahali inayounganisha kila kitu. Je, ndiyo inayoleta yote mawili? Naianza wapi kuitafuta?

---

Msasa_na_Tupa

Mkuu, hongera kwa mali. Kwa umri huo usijisumbue na mchoro. Zima, toa plagi, safisha kontakti zote (zile ncha za chuma zinazogusana kupitisha umeme), kuanzia rilei za chini, kisha za kichwani, kisha swichi za mota, halafu zile za ubao wa kuchezea. Kila kontakti ipitishe tupa laini, zile zilizolala zinyanyue, zilizobana zipanue. Ni kazi ya siku kadhaa, lakini ukimaliza, tisa kati ya kumi ya matatizo yako yatakuwa yameondoka bila hata kujua yalikuwa nini. Mimi ndivyo ninavyofanya kila mashine inayoingia kwangu.

---

Shangazi_Rilei

Gololi mwanangu, usimsikilize Msasa. Angalau si leo.

Mashine hiyo ina mamia ya kontakti, na nyingi zinafanya kazi. Wewe mwenyewe umesema magurudumu yote yanarudi isipokuwa moja. Kuzipinda zote ni sawa na kumpasua mtu mwili mzima kwa sababu anaumwa kidole. Kila bapa (ulimi wa chuma unaobeba kontakti) unalolikunja bila sababu ni hitilafu mpya uliyoitengeneza kwa mkono wako, na ukishakunja mia mbili hutajua ipi ni ya zamani na ipi ni yako. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimefia mikononi mwa mafundi zilikuwa na tatizo moja tu siku ya kwanza.

Shoti yako kubwa haipo. Katika saketi za namna hii karibu kila koili ina mguu mmoja kwenye waya wa pamoja. Na koili ni waya tu wa shaba: ukinzani wake ni ohmu chache, na transfoma ndiyo kabisa, haifiki hata ohmu moja. Kwa hiyo ukigusa nyaya mbili popote, mita inapata njia ya kuzunguka kupitia koili hii, transfoma, na balbu ile, kisha inalia. Mlio wa mita ni mzuri kwa waya mmoja uliofunguliwa upande mmoja, au kwa kontakti uliyoitenga. Kwa kutangatanga ndani ya saketi nzima haukufai. Usiniletee tena habari za mlio mpaka utenge unachopima.

Kutenga si lazima ufungue lehemu. Kata vipande vyembamba vya kadi ngumu. Ukipenyeza kipande katikati ya kontakti mbili, umeikata ile njia. Ukikichomoa, umeirudisha, na hujapinda kitu. Ndiyo zana yangu ya kwanza.

Sasa gurudumu. Mota yako haina kosa. Nyuma ya kila gurudumu la namba kuna swichi ya sifuri. Inakuwa imefunga gurudumu likiwa kwenye namba yoyote kuanzia 1 hadi 9, na inafunguka likifika 0. Wakati wa kurudisha, mota inatuma mapigo, mapigo yanapita kwenye swichi hiyo kwenda kwenye koili ya gurudumu, na gurudumu linaruka hatua moja kwa kila pigo. Maadamu kuna swichi moja ya sifuri bado imefunga, rilei ya kuanza haiachii na mota haisimami. Ulipolisukuma kwa kidole hadi 0 mota ikasimama, kwa hiyo umeshanithibitishia kuwa rilei ya kuanza ni nzima, mota ni nzima, swichi za mota zinazohusika ni nzima, na kwamba swichi ya sifuri ya gurudumu hilo inafunguka inapotakiwa. Umefuta theluthi mbili ya mchoro kwa kidole kimoja!

Kilichobaki ni kujua kwa nini pigo halilivuti. Kuna jaribio moja linalogawa njia. Anza mchezo wa watu wawili, fika zamu ya mchezaji wa pili, kisha isukume kwa mkono ile rilei ya pointi 100 (ishike kwa kijiti kikavu cha mbao, usitumie bisibisi). Wakati wa mchezo, koili ya gurudumu inapata umeme kwa njia nyingine isiyopitia swichi ya sifuri. Kwa hiyo kama gurudumu litahesabu vizuri kwenye mchezo lakini likagoma kurudi, tatizo ni njia ya kurudisha: swichi ya sifuri haifungi vizuri, au waya wake umekatika, au pini imeota kutu kwenye ile plagi kubwa inayounganisha kichwa na sanduku. Kama linagoma kote kuwili, tatizo ni koili yenyewe au chuma kimekwama. Fanya hilo kwanza.

Shimo la kushoto tutarudi kwake. Lakini nijibu: unasema gololi inatemwa mapema, kabla pointi hazijaisha kuhesabiwa. Una uhakika? Na koili ikishika na kuvuma, je, rilei ya shimo hilo nayo inakuwa imevutwa au imeachia?

---

Kaptula

Naongeza kidogo kuhusu fyuzi. Badala ya kuchoma fyuzi moja baada ya nyingine, chukua balbu ya lori ya volti 24, ile ya wati 21, iunganishe mahali pa fyuzi kwa nyaya mbili zenye klipu. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Unaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja. Balbu ikififia umempata mwizi.

---

Shangazi_Rilei

Kaptula, mbinu nzuri na mimi naitumia, lakini kwa fyuzi inayokatika pale tu unapowasha. Ya huyu inakatika kwenye tukio moja tunalolijua. Na balbu ikikaa mahali pa fyuzi, koili hazitapata nguvu ya kutosha kuvuta, kwa hiyo hatauona ugonjwa wenyewe. Aiweke pembeni.

---

Gololi_Chuma

Shangazi, shikamoo, na asante. Nimefanya ulivyosema.

Gurudumu: limegoma kote kuwili. Rilei ya 100 nikiisukuma, kengele inalia, lakini gurudumu halishtuki wala koili haitoi hata mguno. Kwa mkono linazunguka laini, springi inalirudisha vizuri, kwa hiyo sidhani limekwama.

Shimo: ndiyo, inatemwa mapema. Sikuwa nimelitilia maanani. Shimo la kulia linasubiri mpaka pointi ziishe ndipo linatema. La kushoto linatema palepale gololi inapotua. Na ile koili ikishika, rilei ya shimo inakuwa IMEACHIA. Nimeangalia kwa tochi. Bapa la rilei liko juu, mota imesimama, lakini koili bado inavuma. Hapo ndipo nimechanganyikiwa kabisa.

---

Shangazi_Rilei

Marahaba. Usichanganyikiwe, umeleta habari nzuri.

Gurudumu kwanza, maana ni fupi. Zima, chomoa plagi ya ukutani. Penyeza kadi kwenye swichi ya sifuri, fungua waya mmoja wa koili, pima koili kwenye miguu yake miwili, kisha pima ya gurudumu jirani kwa namna ileile. Jirani atakupa ohmu kadhaa. Lako nadhani halitatoa kitu. Usiitupe koili! Tazama kwa kioo cha kukuzia pale ule waya mwembamba wa shaba unapofika kwenye mguu wa kulehemu. Miaka hamsini ya kutikisika huukata hapohapo. Ukiwa umekatika kwa nje, fungua mzunguko mmoja, kwangua varnishi kwenye ncha kwa wembe mpaka shaba ing'ae, kisha lehemu upya. Mzunguko mmoja uliopungua hausikiki. Watu wengi husahau kukwangua, lehemu inakaa juu ya varnishi ikionekana nzuri, na umeme haupiti.

Sasa shimo. Tazama mchoro wako, tafuta koili ya shimo la kushoto, na ufuate njia yake kurudi nyuma hadi transfoma. Naamini utakuta kontakti mbili zimefuatana: moja ya rilei ya shimo, nyingine ya swichi ya mota. Kazi zao ni tofauti. Gololi ikitua, rilei inavuta na kujishikilia, mota inaanza kuzunguka na kuhesabu pointi. Rilei peke yake haitakiwi kuirusha gololi. Mota ikifika karibu na mwisho wa mzunguko wake, swichi yake inafunga kwa kitambo kidogo sana, koili inapiga, gololi inatoka, rilei inaachia. Ndiyo maana la kulia linasubiri.

La kushoto halisubiri. Maana yake swichi ya mota imefunga muda wote. Kwa hiyo koili inapata umeme tangu rilei inapovuta hadi inapoachia, badala ya kupigwa mara moja. Hapo yanatokea mawili. Koili inapata joto ambalo haikutengenezewa, varnishi ya ndani inaungua, mizunguko inagusana, ukinzani unashuka na ampea zinapanda. La pili ni kwamba kazi ya kuukata umeme huo mwingi sasa imeangukia ile kontakti ndogo ya rilei. Kila inapofunguka inatoa cheche, na cheche inayeyusha uso wa kontakti, mpaka siku moja zinashikana. Rilei inaachia, bapa linapanda, lakini zile ncha mbili zimegandana. Ndicho ulichokiona kwa tochi.

Fyuzi ya karatasi ya fedha haikuanzisha ugonjwa, iliuficha tu. Fyuzi ya kweli ingekatika zamani, mara tu ampea zilipopita kiwango chake.

Kwa hiyo hatua zako, na usizipindue. Swichi ya mota kwanza. Kisha kontakti ya rilei. Koili mwisho. Ukianza kwa kununua koili mpya utaiunguza pia.

Na jambo la usalama nililotakiwa kusema mapema: volti 27 hazitakuumiza kwa kugusa kwa bahati mbaya, ila vua pete na saa, maana pete ikikaa kati ya nyaya mbili inakuwa nyekundu. Kinachoua ni upande wa ukutani: waya wa plagi, swichi ya kuwashia, na upande wa kuingilia wa transfoma. Kama waya wa plagi una nyuzi mbili tu, weka wa nyuzi tatu na ule wa ardhi uufunge kwenye fremu ya transfoma na vyuma vyote vya nje vinavyoguswa na mchezaji.

---

Mdau_wa_Chipu

Samahani kwa kuingilia. Ya kwangu ni ya 1979, ina bodi. Nikiwasha, kitaa chekundu kwenye bodi kinamweka mara sita kisha kimya. Taa za kawaida zinawaka, skrini za namba hazionyeshi kitu. Nibadilishe prosesa?

---

Shangazi_Rilei

Mdau, fungua uzi wako, huku tunaongea rilei. Lakini nikuache na hili. Bodi za kampuni ya Bally za miaka ile hujipima zenyewe na kuhesabu kwa kitaa hicho, na bodi isiyo na hitilafu humweka mara 7. Kama yako ni ya ukoo huo, prosesa iko hai, ndiyo iliyokuhesabia hizo sita. Ya saba inangoja umeme wa koili, ule wa volti 43 hivi. Angalia fyuzi yake kwenye bodi ya umeme kabla ya kugusa chipu yoyote, na usiipime kwa macho, itoe kwenye kishikio uipime kwa mita. Halafu tazama betri iliyolehemewa kwenye bodi. Ikiwa bado ipo, itoe leo. Majimaji yake yanakula njia za shaba na miguu ya soketi, na hayo yameua bodi nyingi kuliko radi.

---

Gololi_Chuma

Nimerudi.

Koili ya gurudumu: jirani ohmu kadhaa kama ulivyosema, ya kwangu mita haikusogea. Waya ulikatika milimita mbili kutoka kwenye mguu, ulikuwa umejificha chini ya tone la lehemu ya zamani. Nimekwangua, nimelehemu. Magurudumu yote yanarudi sifuri, mota inasimama yenyewe.

Shimo: kwenye mchoro kontakti ziko mbili hasa, zimefuatana. Kwenye mota, bapa moja la swichi hiyo lilikuwa limepinda, limelala juu ya mwenzake, na lina alama ya meno ya koleo. Kuna mtu alipita hapo. Nimelirudisha mpaka nione mwanga mwembamba katikati likiwa limetulia, na linafunga tu kamu (gurudumu lenye nundu) ya mota inapolipandisha. Kontakti za rilei zilikuwa zimeshikana, nimezitenganisha kwa ncha ya kisu. Moja ina shimo, nyingine ina chunusi.

Koili yenyewe: karatasi yake imekuwa kahawia, huwezi kusoma namba. Bomba la plastiki la ndani limeyeyuka, pistoni inaingia kwa kusukumwa. Nimegusanisha kwanza nyaya za mita, zina 0.3 zenyewe, nikatoa hiyo. Inabaki ohmu 2 na kidogo. Ya shimo la kulia, ya aina ileile, ni 12.

---

Shangazi_Rilei

Hesabu mwenyewe basi. Volti 27 kwa ohmu 12 ni ampea 2 na robo. Kwa ohmu 2 ni zaidi ya 13, na fyuzi yako ni ya 10. Koili hiyo imekwisha. Nunua nyingine kwa kusoma namba ya ile ya kulia, na bomba jipya pia. Koili mpya kwenye bomba lililoyeyuka itakwama wiki hiyohiyo.

Kontakti za rilei ziko hivi: chunusi iondoe kwa tupa laini mpaka uso uwe bapa, kisha pitisha kipande cha kadi safi kutoa vumbi la chuma. Kama shimo ni la kina, badilisha bapa, usijaribu kulifukia kwa lehemu. Na tafadhali, usipulize mafuta yoyote humo. Mafuta kwenye kontakti inayotoa cheche yanaungua na kuacha masizi, na yakikaa karibu na cheche yanaweza kuwaka.

---

Msasa_na_Tupa

Kwa hiyo tupa imeruhusiwa sasa? 😀

---

Shangazi_Rilei

Kwenye kontakti mbili, Msasa. Mbili, ambazo tunajua zina nini. Na huyo mwenye chipu hapo juu asikusikie kabisa. Kontakti za mashine za bodi zimepakwa dhahabu na zinapitisha umeme mdogo. Ukizipitisha tupa umezimaliza. Hizo ni kadi safi tu.

---

Gololi_Chuma

Koili nimeagiza. Wakati naisubiri nimeweka kadi kwenye kontakti ya rilei ya shimo hilo na ninacheza bila hilo shimo. Gololi ikiingia naitoa kwa mkono. Fyuzi imetulia. Kitu kimoja tu: flipa (mkono wa kupigia gololi) ya kushoto ni dhaifu, gololi haifiki juu. Ya kulia inapiga vizuri. Koili zote mbili zinasoma sawa.

---

Shangazi_Rilei

Msasa, mjibu wewe, hii ni yako.

---

Msasa_na_Tupa

Haya! Mkuu, koili ya flipa ina waya wa aina mbili ndani: mnene wa kupigia na mwembamba wa kushikilia. Pale chini pembeni ya mkono wa flipa kuna swichi ambayo imefunga flipa ikiwa imelala. Inauruka ule waya mwembamba, umeme wote unapita kwenye mnene na flipa inapiga kwa nguvu. Ikifika juu, mkono unaifungua swichi hiyo, waya mwembamba unaingia kwenye njia na flipa inabaki juu bila kuungua. Swichi hiyo ikichafuka, waya mwembamba unakuwa kwenye njia tangu mwanzo, na unapata flipa mlegevu kama yako. Hizo kontakti ni ngumu sana, kadi haitazifanya kitu. Piga tupa mpaka zing'ae, bapa kwa bapa. Kisha ibonyeze flipa kwa mkono polepole uone swichi inafunguka milimita chache kabla ya mwisho. Isipofunguka kabisa, utapata koili nyingine ya kahawia.